Uzi wa Kijani Kwenye Waya wa Breki

Wiki iliyopita niliwaacha, wasomaji wangu, pale mpwa wangu alipokuwa chini mbele ya bomba la maji, baiskeli imemlalia, na gurudumu la nyuma linaendelea kuzunguka kama vile halijaambiwa kilichotokea.

Wengi mmeniuliza kama alikufa. Hakufa. Alivunjika mkono. Lakini ni mkono wa kulia, na yeye anakula kwa kushona nguo.

Mama mmoja alinisimamisha sokoni, akanishika shati kabisa. Akasema yule fundi wa baiskeli kwenye hadithi yangu ni mtu mbaya, angekuwa mkwe wake angemfukuza na ufagio. Nilimshukuru kwa kusoma, nikachukua vitunguu vyangu, nikaondoka mbiombio.

Nilikimbia kwa sababu kuna neno nimelizunguka wiki tano nzima. Leo nalisema. Fundi hakuwa na kosa. Waya niliuchomoa mimi.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo, labda amefungiwa maandazi, nimweleze kwa kifupi. Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa. Jina nililopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho tu, watu wananiita Kiguu, kwa sababu sijawahi kukaa mahali miaka miwili. Nimechimba mitaro, nimelinda maghala, nimeuza miwani, nimepika gerezani, upande wa wapishi, si wa wafungwa. Shule nimeisoma kwa vipande: darasa la kwanza mji huu, la tatu mji ule, la pili sikumbuki kama lilikuwepo.

Marehemu dada yangu aliacha binti mmoja. Huyo ndiye aliyenipokea nilipochoka, akanipa chumba cha nyuma anachohifadhia vitambaa. Wateja wake wanamwita Dada Sindano. Mimi namwita mwanangu, yeye ananiita mjomba, na utani wake mkubwa kwangu ni viatu. Tangu niingie nyumba ile hakuwahi kuniona mchana bila viatu miguuni. Alikuwa akiwaambia majirani, "Huyu mkimwona kavua viatu, mjue ama amelala ama ameamua kukaa."

Kazi alinitafutia yeye. Kupeleka dawa majumbani kwa baiskeli ya umeme, kwa niaba ya mwenye duka la dawa, mwanamke mkavu wa maneno tunayemwita Mama Dawa. Baiskeli zilikuwa saba. Aliyezitunza zote alikuwa fundi mmoja kijana, mpole, mwenye kucha nyeusi na shati safi. Na huyo fundi ndiye aliyekuwa amchumbie mpwa wangu. Wazee wake walikuwa waje Jumapili.

Hapo ndipo tulipo.

Sasa nieleze waya. Baiskeli ya umeme si mnyama mgumu. Kishikio cha mkono wa kulia ukikizungusha kidogo, mota inavuta. Ukibana breki, ndani ya mkono wa breki kuna swichi ndogo inayoikata mota palepale, hata kama kishikio bado umekizungusha. Fundi alikuwa akitueleza hivi: mtu akiogopa hubana kila kitu, atabana breki na atabana na mwendo pia, kwa hiyo baiskeli lazima ijue kuchagua kwa niaba yake.

Mimi nimeendesha baiskeli za kawaida tangu nina miaka kumi. Vidole vyangu viwili vinakaa juu ya breki muda wote, nikipanda, nikishuka, nikisalimia watu. Ndivyo tulivyofundishwa. Lakini kwenye mashine ile, kidole kikigusa tu, mota inazima. Niko katikati ya mlima na kasha la dawa mgongoni, mota inazima. Nalegeza, inawaka. Nasahau, inazima. Watoto wa shule wananipita kwa miguu.

Siku ya nne nikaufuata ule waya kwa macho, kutoka kwenye mkono wa breki hadi kwenye plagi ndogo chini ya usukani. Nikabandua utepe mweusi wa Fundi, nikachomoa. Nikapanda mlima kama waziri.

Nilijiona mjanja. Na mimi mwenyewe sikupata shida, maana mkono wangu ulishazoea kurudisha kishikio kabla ya kubana breki. Tatizo lilikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi saa mbili Fundi alikagua baiskeli zote. Alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na alitutaka tuhesabu naye kila siku kabla ya kutoka: upepo wa matairi, breki, taa, betri, kichwa. Kichwa maana yake helmeti, na maana yake pia kama una usingizi usipande.

Basi Jumamosi asubuhi nikawa naichomeka, nabandika utepe, anakagua, ananisifu. Jumamosi mchana naichomoa. Miezi mitatu. Chomeka, chomoa, chomeka, chomoa. Fundi akawaambia wenzangu waige mfano wa mzee.

Siku ya ajali mpwa wangu hakupaswa kuwa juu ya baiskeli ile. Nilimwambia goti linaniuma, tafadhali anipelekee dawa za pumu kwa mgonjwa wa mteremkoni, maana Fundi alishamfundisha kuendesha siku za Jumapili. Akasema sawa mjomba, pumzika.

Goti lilikuwa zima. Nilikwenda kituo cha mabasi ya mbali kuangalia yanavyoondoka. Nilikuwa nikifanya hivyo kila mwasho wa kuhama uliponipanda. Nasimama, nasoma vibao vya miji, napata nafuu.

Yeye akashuka mteremko. Mbele kulikuwa na wanawake kwenye foleni ya maji. Akaogopa, akabana kila kitu.

Baiskeli haikumchagulia.

Aliwakwepa wanawake wale, akaukumbatia ukuta.

Niliporudi kutoka kituoni, majirani walikuwa wanampandisha kwenye gari kumpeleka hospitali, na baiskeli wameisimamisha uani kwetu. Jirani mmoja akanivuta mkono niingie garini, mimi ndiye damu yake. Nikasema mtu lazima abaki na nyumba.

Hili ndilo linaloniamsha hadi leo. Wao walikwenda na mgonjwa. Mimi nilibaki na baiskeli.

Nikachuchumaa, nikaichomeka plagi. Ikatoka. Nikaichomeka tena, ikatoka. Kile kidole cha plastiki kinachoifungia kilishakatika kwa kuchomolewa miezi mitatu. Utepe wenyewe ulikwisha gundi. Nikaingia ndani, nikaona juu ya cherehani rola la uzi wa kijani, wa sare za shule alizokuwa anashona. Nikaifunga plagi kwa uzi huo, mizunguko sita, mafundo mawili. Ikashika.

Halafu nikaliangalia lile rola. Dole gumba langu limeacha alama nyeusi ya grisi juu yake, duara zima, kama muhuri. Nikalitupa ndani ya mfuko wangu wa safari.

Siku tatu mpwa wangu alilitafuta. Mkono umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko, lakini shule zilikuwa zinafunguliwa, na sare kumi na mbili zilikuwa hazina vifungo. Akawa anajaribu kwa mkono wa kushoto. Aliinua vitambaa, alitazama chini ya kitanda, aliniuliza. Nikasema sijaliona. Nikamsaidia kutafuta. Nilipiga magoti kabisa, nikachungulia chini ya kabati.

Siku ya nne saa nne asubuhi, Mama Dawa akatuita wote uani kwake. Alitaka kujua mtu ameangukaje na chombo chake. Wapeleka dawa wote walikuwepo. Mpwa wangu alikalia kreti, mkono shingoni. Fundi akaipandisha baiskeli juu ya stendi, gurudumu la nyuma hewani, akazungusha kishikio. Mota ikalia. Akabana breki.

Mota ikanyamaza.

Akarudia mara tatu. Mara tatu ikanyamaza. Nilipumua. Nikajua nimepona, na dunia nayo imepona.

Sikufikiria hatua ya pili. Kama baiskeli ni nzima, basi mwenye kosa ni aliyekuwa juu yake.

Mama Dawa alimgeukia mpwa wangu. Hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba mashine imesema, na kwa hiyo yeye hakubana breki, alichanganyikiwa tu, na aseme ukweli mbele ya wenzake ili wengine wasiogope vyombo.

"Nilibana mpaka vidole vikauma," mpwa wangu akasema. "Ilikuwa inanivuta, mama. Nabana, inanivuta."

Mpeleka dawa mmoja akacheka puani. Akasema baiskeli yake haijawahi kumvuta, labda ile ilikuwa na haraka ya harusi.

Fundi hakucheka. Alikuwa ameinama chini ya usukani, na nikaona mgongo wake umetulia ghafla, kama mtu aliyesikia jina lake. Kisha akaziba kitu kwa kiganja chake, akasimama, mkono ukiwa bado pale.

"Kosa ni langu," akasema. "Plagi ya breki niliiacha imelegea. Ikishuka mteremko inacheza, inaachia. Hapa kwenye stendi huwezi kuona. Dada hajakosea kitu."

Mama Dawa alimuuliza kama anajua anachosema. Akasema anajua. Basi, akaambiwa, saa kumi jioni akabidhi funguo na vitabu vya ukaguzi, atakuja fundi mwingine kuchukua baiskeli zote saba. Mtu anayeacha breki wazi hawezi kugusa chombo kinachobeba watu wake.

Mpwa wangu alisimama. Alimwangalia yule kijana kama mtu anayemtafuta mwingine nyuma yake.

"Ulinishikia kiti Jumapili nne," akamwambia. "Ukaniambia nisiogope, hii haiwezi kuniangusha."

"Nilisema."

"Basi waambie wazee wako wasijisumbue kuja."

Akaondoka na mkono wake shingoni. Fundi hakumfuata. Mimi nilimfuata, kwa kuwa miguu yangu haijui kusimama, lakini nilibaki nyuma hatua ishirini njia nzima.

Nyumbani alijifungia chumbani. Mimi nikafungasha. Mashati mawili, blanketi, redio, kikombe. Mfuko huo naweza kuufunga kabla chai haijachemka. Kulikuwa na basi la saa tisa na nusu kwenda mbali sana, mahali ambapo nilijua mwenye maghala. Nikauegesha mfuko nyuma ya mlango.

Lakini shingoni nilikuwa bado na ufunguo wa betri, na kwapani helmeti ya duka. Mimi nina makosa mengi, wizi haumo. Nikaenda kwanza kurudisha.

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Nilimkuta anapanga vyombo vyake kwenye ndoo. Betri zilikuwa kwenye sakafu ya saruji, kila moja na chaja yake, mbali na makaratasi, kama alivyotaka zikae siku zote. Kwenye kadibodi alikuwa anamwandikia fundi mgeni maelekezo, kwa herufi kubwa. Betri ya nne huchemka, ipumzishwe kabla ya kuchajiwa. Baiskeli ya pili tairi la mbele limechoka. Mwenye baiskeli ya sita hapendi helmeti, usimpe ufunguo kabla hajavaa.

Mtu amefukuzwa, na bado anaandika hivyo.

Nikaweka helmeti mezani. Nikamwambia naona leo ni siku ya kurudisha vitu. Akasema afadhali nimekuja, kuna jambo alitaka kuniambia mimi tu, kwa kuwa mimi ni mzee wa nyumba ile.

Akafungua mfuko wa shati, akatoa kipande cha uzi wa kijani, mizunguko sita, kimekatwa kwa kisu.

"Nimekikuta kwenye plagi," akasema. "Ni uzi wa sare zake. Nafikiri mota ilikuwa inamzimia kwenye mlima, akachoka, akaichomoa, halafu akaogopa akairudishia. Mimi ndiye nilimwonyesha plagi ilipo. Mjomba, usimwambie mtu. Ameshavunjika mkono. Sitaki aambiwe kwamba aliuvunja mwenyewe."

Nilitaka kukaa, hakukuwa na kiti. Nikazunguka meza. Nikazunguka tena.

Akaendelea. Alisema haidhuru, kazi atapata pengine. Ila mimi nikae na mpwa wangu, nisimwache wakati huu, maana atahitaji mtu wa kumtungia sindano. Akaniuliza, "Utakaa, eti?"

Nimewahi kuulizwa swali hilo na wanawake wawili, mapadre, na bosi mmoja wa reli. Wote niliwajibu ndiyo, na wote niliwaacha wiki ileile.

"Uzi niliufunga mimi," nikamwambia. "Na kuchomoa nilichomoa mimi. Tangu wiki ya kwanza. Kila Jumamosi narudishia unanisifu."

Kalamu yake ilibaki hewani. Nilisubiri anipige. Kwa kweli nilitamani.

"Kwa hiyo si yeye," akasema.

"Si yeye."

Akacheka, cheko fupi lisilo na furaha wala ubaya, kama mtu aliyetua mzigo na kugundua mgongo bado unauma. Akafuta uso kwa mkono wa shati. Shati lake safi likapata grisi.

Halafu hasira ikamfikia.

"Siku nne umejua, mjomba. Leo nimemwacha yule binti aniondokee nikidhani ananificha. Na wewe unanipita hapo nje, habari za asubuhi fundi, habari za asubuhi."

Nikamwambia ninakwenda kwa Mama Dawa sasa hivi. Akanizuia mlangoni. Alisema Mama Dawa atakuja mwenyewe saa kumi, na atakachosikia yeye kitafika kila nyumba kabla ya jua kuzama. Mpwa wangu asilisikie hili kutoka mtaani.

"Mwambie wewe. Kwa mdomo wako. Mimi nikimwambia atasema namsingizia mzee wake ili wazee wangu waje. Na usipomwambia kabla ya saa kumi, mimi funguo nitakabidhi, na sitasema neno. Nitaondoka na kosa lako. Utaweza kukaa nyumba ile?"

Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika tano.

Kutoka karakana kwenda nyumbani ni dakika kumi na tano kwa mguu wangu, na njia inapita mbele ya kituo cha mabasi. Basi la saa tisa na nusu lilikuwa limeshawashwa. Kondakta aliniona, ananifahamu kwa sura, akanitania kwamba leo Kiguu amekuja kusoma vibao au kupanda. Alisema siti ya dirishani ipo.

Nawaambia ukweli, kwa kuwa ndicho mnachonisomea. Niliweka mguu kwenye ngazi. Mguu wa kulia, wote, hadi kisigino.

Kilichonirudisha hakikuwa wema. Mfuko wangu ulikuwa nyumbani, na mashati yangu yote mawili yalikuwa ndani yake. Nikasema nitakwenda nikautwae haraka, nimwambie nikiwa nimesimama mlangoni, mfuko begani, nitoke kabla hajaanza kulia. Basi litanikuta njiani. Ndivyo nilivyopanga, nikitembea nusu nikikimbia, na maneno nikiyapanga mdomoni: mwanangu, kuna kitu, mwanangu, si kama unavyodhani.

Mlango ulikuwa wazi.

Mpwa wangu alikuwa amekaa sakafuni katikati ya sare za shule. Mfuko wangu ulikuwa umefunguliwa mbele yake. Blanketi langu amelikunja vizuri, kwa mkono huo mmoja. Redio pembeni, kikombe pembeni. Nadhani aliuona mfuko nyuma ya mlango, akaelewa, akataka kunitilia kitu cha kula njiani. Mkate ulikuwa umefungwa kwenye karatasi, karibu na goti lake.

Na kwenye kiganja cha kushoto alikuwa na rola la uzi wa kijani.

Hakuwa analia. Alikuwa analigeuza taratibu, analitazama kama anavyotazama mshono uliokwenda upande. Akalisimamisha pale penye duara la grisi. Akaweka dole gumba lake juu ya alama yangu, likaonekana dogo.

Mbali kidogo nikalisikia basi likipiga honi ya mwisho.

"Mjomba," akasema, hajainua macho, "ulikuwa unakwenda wapi na uzi wangu?"

Nikaangalia mlango. Nikamwangalia yeye. Nikaangalia plasta.

Kisha nikaketi chini, mbele yake, juu ya vitambaa, nikaanza kufungua kamba za viatu.